Aliyesikia Asijibu

Jumapili ya tarehe 6 Machi 2022, saa saba kasoro robo mchana, Mama Matangazo alituma ujumbe wa kwanza katika kundi la simu la usharika wake. Ujumbe huo bado upo. Mwanakundi yeyote mwenye subira ya kupandisha juu mpaka mwanzo ataukuta: picha nyekundu yenye ukungu ambayo, ukiikazia macho, ni kidole gumba kilichoziba kamera. Chini yake watu wapatao arobaini wameandika "Amina".

Alikuwa amekusudia kupiga picha ya madhabahu.

"Sasa hawa wanaitikia nini?" alimuuliza mwenyekiti wa vijana, fundi wa simu mwenye kibanda chake karibu na kituo cha mabasi, ambaye ndiye aliyelifungua kundi lile na kumfundisha pa kubonyeza.

"Wameona ni wewe, mama. Hiyo inatosha."

Jibu lile lilimfurahisha kuliko lilivyostahili, na alikuja kulikumbuka baadaye.

Jina la Mama Matangazo alipewa na waumini, na kwa haki. Kwa miaka mingi baada ya kustaafu, kila Jumapili mchungaji alipomaliza mahubiri, yeye ndiye aliyeinuka kutoka benchi la pili, akavuta kitenge vizuri, akasimama kando ya mimbari na kueleza nani amelazwa, nani anaoa, kikao kipi kimeahirishwa na nani kasahau mwavuli. Sauti aliitoa kazini. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa, kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya stoo ya dawa, ambako yeye na wenzake watatu waliunganisha simu za wodi, maabara na ofisi kutwa nzima. Vifaa vya masikioni viliwabana utosini mpaka kila mmoja wao akawa na bonde katikati ya nywele. Lake bado lipo, ingawa nywele zimekuwa nyeupe na amejitahidi kulifunika kwa mitindo ya kila namna.

Katika chumba kile alisema "Subiri kidogo, nakuunganisha" mara zisizo na idadi, kisha akachomoa waya na kutoka kwenye mazungumzo ya watu. Hakuwahi kujua mtoto alizaliwa salama au majibu ya damu yalisema nini. Ndiyo maana, alipopewa matangazo ya kanisa, alijiwekea utaratibu wake. Kila tangazo alilisema mara mbili, ya pili kwa ajili ya mabenchi ya nyuma. Kisha aliinua kidevu na kuuliza, "Mmesikia?"

"Tumesikia!" kanisa zima liliitika.

Kama mwitikio ulikuwa legelege, alianza upya. Wageni walidhani ni sehemu ya liturujia.

Tatizo lililetwa na kamera. Usharika ulipoanza kurusha ibada moja kwa moja mtandaoni, kwa ajili ya wagonjwa na ndugu walioko mbali, fundi wa simu aliwaonyesha wazee wa baraza mchoro wa watazamaji. Mstari ulipanda wakati wa kwaya, ukatembea tambarare wakati wa mahubiri, na ulipofika kwenye matangazo ulianguka kama ndoo iliyokatika kamba. Mtu aliyeko ng'ambo hakuwa na haja ya kujua mwavuli wa nani umesahaulika. Isitoshe, ibada ya pili ilikuwa inachelewa kuanza, na waumini wake walikuwa wanasubiri juani. Baraza likaamua matangazo yahamie kwenye simu, yatumwe kila Alhamisi jioni.

Mchungaji alikwenda mwenyewe nyumbani kwake kumweleza.

"Mama, hatukuondoi. Tunahamisha matangazo tu."

"Kwenda wapi?"

"Kwenye simu."

"Na mimi?"

Mchungaji alikoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari. "Nawe uende nayo, ukipenda. Tujaribu mpaka mwisho wa Mei. Ukiona inakusumbua, kijana wetu wa simu atayachukua. Yeye haya ndiyo maisha yake."

Mama Matangazo alielewa vizuri. Alikuwa kwenye majaribio, kama msichana wa siku ya kwanza kazini, na aliyekuwa anasubiri kiti chake ni kijana aliyemwamkia kwa kuinama.

Wifi yake, dada wa mumewe na kiongozi wa kwaya ya akina mama, alifika jioni ile kumpa pole, ingawa pole yenyewe ilichelewa kutoka.

"Wifi, umestaafishwa mara mbili! Wenzako hata mara moja wanaililia."

"Sijastaafishwa. Nimehamishwa kituo."

"Kituo chenyewe kiko mfukoni mwa watu, tena wengine wanakikalia."

"Nenda kaimbe huko," Mama Matangazo alisema, na wote wawili wakacheka, mmoja zaidi ya mwenzake.

Kuandika hakutaka hata kusikia. Herufi zilikuwa ndogo na simu ilikuwa na tabia ya kumalizia maneno yake bila kuombwa. Akachagua ujumbe wa sauti. Alhamisi ya kwanza alifunga dirisha la chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, mgongo wima, akatoa sauti ya hospitali. Katikati ya tangazo la pili mlango ulifunguliwa.

"Mama, hujaniona miwani yangu?" Ni mumewe, fundi seremala, mtu wa maneno machache ambaye machache hayo huyasema wakati usiofaa.

"Baba, iko kichwani kwako."

"Aa."

"Narudia kwa wa nyuma," iliendelea sauti, bila kutikisika. "Kikao cha wazazi ni Jumanne. Mmesikia?"

Hakujua kukata, hivyo yote yalikwenda. Jumapili iliyofuata fundi seremala alisalimiwa mlangoni na watu ambao hawakuwa wamemsemesha tangu Pasaka ya mwaka jana. "Vipi mzee, miwani imepatikana?" Aliitikia kila mmoja kwa uzito uleule, "Imepatikana, ahsante," mpaka alipofika kwenye benchi lake akiwa amechoka.

Na majibu yalikuja. "Tumesikia." "Tumesikia mama." "Tumesikia" yenye vikono vya sala viwili, vitatu, vingine na waridi. Mama Matangazo aliyasoma yote, kidole kikishuka polepole kwenye kioo, akiwapanga watu kichwani kama walivyokaa kanisani. Benchi la tatu wote wamesikia. Yule wa karibu na nguzo bado. Haya, naye huyu hapa. Ilikuwa kama kusimama kando ya mimbari, tena bila kuumwa miguu.

Fundi wa simu alijaribu kumwekea breki. "Mama, ile 'mmesikia' tuiondoe. Grupu ina watu mia tatu. Simu yangu inalia kama gari la zimamoto."

"Nisipouliza nitajuaje?"

"Kuna alama. Zikigeuka bluu, ujue wamefungua."

"Barua ya kodi ya jengo naifungua pia, mwanangu, lakini siisomi."

Kijana alicheka, akazima mlio wa kundi, akaendelea na mambo yake. Nayo yalikuwa mengi, kwa sababu alikuwa anaoa mwishoni mwa Mei.

Jambo ambalo Mama Matangazo hakuliona, kwa kuwa lilitokea kwenye vituo vya basi, saluni na foleni za benki, ni kwamba watu walikuwa wameanza kuitikia kabla ya kusikiliza. Ujumbe wa sauti unataka utulivu na masikio. "Tumesikia" inataka kidole kimoja. Na hakuna aliyetaka kuonekana yeye ndiye hajasikia wakati jirani yake wa benchi ameshaweka vikono. Mtu akifungua simu na kukuta "Tumesikia" zimejaa toka juu mpaka chini, aliongeza yake chini yao, kwa adabu kabisa, akairudisha simu mfukoni. Tangazo lenyewe lilikuwa limezama huko juu, na aliyelifuata mpaka lilipozama alikuwa ni mtu asiye na kazi.

Kwa wiki kadhaa hapakuwa na madhara. Kikao kilikuwa palepale pa siku zote, siku ileile. Ndipo likaja suala la mabenchi.

Kwa heshima ya ndoa ya mwenyekiti wa vijana, baraza liliamua mabenchi ya kanisa yapigwe vanishi mpya, na kazi akapewa mume wa Mama Matangazo. Aliyapiga msasa, akayafuta vumbi, akayapaka mkono wa kwanza, wa pili, na ya mbele mkono wa tatu, kwa kuwa ndiyo yangeonekana kwenye kamera. Kisha hali ya hewa ikageuka. Mawingu yalikaa, jua halikutoka, na Alhamisi asubuhi fundi alirudi nyumbani akitazama ncha ya kidole chake.

"Mama, vanishi imegoma."

"Mpaka Jumamosi si itakuwa imekauka?"

"Kwa hewa hii? Atakayekaa pale Jumamosi atafunga ndoa na benchi."

Mchungaji alipigiwa, akaja, naye akagusa, akafuta kidole kwa leso. Ndoa ikahamishiwa ukumbi wa shule, ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa robo saa kwa miguu. Jioni ile Mama Matangazo alituma tangazo moja tu, fupi, akalisema mara mbili, akauliza, "Mmesikia?"

Mia tatu wakamiminika. Wifi yake alikuwa miongoni mwa wa kwanza: "Tumesikia!!" na vikono vinne. Bwana harusi alipochungulia kundi na kuona jina la kiongozi wa kwaya, aliitoa kwaya katika mambo ya kumnyima usingizi.

Jumamosi, ukumbi wa shule ulikuwa umefagiliwa na ubao umefutwa, isipokuwa pembeni palipobaki hesabu ya sehemu ambayo mtu hakuimaliza. Viti vilikuwa vya wanafunzi, na watu wazima walivikalia magoti yakikaribia kidevu. Mbele, juu ya kigoda cha miguu mitatu, simu ilikuwa inarusha kila kitu kwa shangazi wa bibi harusi aliyeko ng'ambo na ndugu wengine waliokuwa wameamka mapema kwa ajili hiyo. Gari la bibi harusi lilikuwa limeshaegeshwa getini. Nusu ya viti vilikuwa vitupu, na mahali pa kwaya palikuwa na spika peke yake.

Bwana harusi alimfuata Mama Matangazo dirishani, jasho likimtoka chini ya tai. "Mama, kwaya iko wapi?"

"Wamesikia."

"Wamesikia, sawa. Wako wapi?"

Alipiga simu ya wifi yake. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika. Akafungua kundi, akapandisha juu: Tumesikia, Tumesikia, vikono, waridi, Tumesikia. Aliyatazama majina ya watu wa benchi la tatu, ambao wote walikuwa wamesikia, na ambao hata mmoja hakuwemo ukumbini. Kidole kikasimama. Alikumbuka picha ya kidole gumba na zile Amina arobaini.

"Hawakusikiliza," alisema. "Waliniitikia mimi tu."

Nje, dereva wa gari la bibi harusi alipiga honi fupi, ya heshima. Mchungaji alitazama saa, kisha akamtazama yeye. Mwisho wa Mei ulikuwa umefika, na majaribio yake yalikuwa yanaishia hapa, mbele ya kamera.

Akabonyeza alama ya sauti, akaishika simu karibu na mdomo.

"Jamani, ni mimi. Ndoa iko ukumbi wa shule. Siyo kanisani, ukumbi wa shule. Sasa sikilizeni. Aliyelisikia tangazo la Alhamisi, asijibu. Narudia kwa wa nyuma: aliyesikia asijibu! Ambaye hakusikia, ajibu sasa hivi na aseme yuko wapi."

Kundi likanyamaza. Haikuwahi kutokea. Fundi seremala, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha darasa la pili, alisogea kuchungulia. Kisha maandishi yakatokea, moja, na jingine, kwa aibu ya watu wanaoinua mkono darasani.

"Sikusikia. Niko kanisani."

"Sikusikia mama, samahani. Kanisani."

"Tuko kanisani wengi. Tulidhani ninyi ndio mmechelewa."

Mwisho ukaja ujumbe wa sauti wa wifi. Mama Matangazo aliufungua bila kupunguza sauti ya simu, hivyo ukumbi mzima uliusikia, na shangazi wa ng'ambo pia. Ulikuwa na mwangwi wa kanisa, na nyuma yake wanawake wengi walikuwa wanajizuia kucheka.

"Wifi. Mimi sikusikia." Akakohoa. "Tena nimeshakaa."

Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja tu hakucheka. Fundi seremala alikuwa amesimama wima, mkono kifuani.

"Wamekaa? Benchi lipi?"

"La mbele, nadhani," alisema mchungaji, akijifuta machozi.

"La mbele nimelipiga mikono mitatu!"

Aliondoka na chupa ya mafuta ya taa na matambara kutoka stoo ya shule, na kwa kuwa mwendo wake ulikuwa wa mtu anayekimbilia mgonjwa, alifika kanisani kabla kwaya haijamaliza kubanduka. Walikuja wote pamoja kwa kuvuka barabara kuu, kinanda kimebebwa na watu wawili, waumini wengine nyuma yao. Majoho ya kwaya yalikuwa meupe, mapya, na kila moja lilikuwa na mistari ya kahawia mgongoni, iliyonyooka kama ya daftari la hesabu.

Mlangoni wifi alitoa amri bila kumtazama mtu. "Akina mama, tunaingia na nyuso mbele, tunaimba na nyuso mbele, tunatoka na nyuso mbele. Atakayegeuka atanieleza."

"Pole, wifi," alisema Mama Matangazo.

"Pole yako iweke. Nilikuwa saluni, kichwa kiko kwenye mashine. Ningesikia nini?"

"Mbona uliweka vikono vinne?"

"Vikono vilikuwa huru, wifi."

Ndoa ilifungwa. Kwaya iliimba vizuri kuliko siku yoyote, labda kwa kuwa hapakuwa na aliyethubutu kugeuza hata shingo, na ilipofika wakati wa kutoka, akina mama walirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni, wakiyumba pamoja, wakitabasamu. Maoni ya watazamaji yalipanda haraka kwenye kioo. Shangazi wa bibi harusi aliandika kwamba amezunguka makanisa mengi na hajaona kwaya inayotoka kwa heshima namna ile. Mwingine aliuliza mtindo huo unafundishwa wapi.

Kesho yake baada ya ibada ya pili, ambayo nayo ilifanyika ukumbini, baraza lilikutana katika ofisi ya mchungaji. Mama Matangazo alikwenda amejitayarisha. Aliiweka simu mezani, kama mtu anayerudisha funguo.

"Mliniweka kwenye majaribio mpaka mwisho wa Mei," alisema. "Mmeona wenyewe. Mpeni kijana."

"Kijana tumemuuliza," alisema mchungaji, akabonyeza simu yake. Sauti ya fundi wa simu ilitoka, na upepo mwingi nyuma yake. "Shikamooni wazee. Mimi niko fungate. Nikirudi nina mke wa kumsikiliza, na huyo hatumi ujumbe wa sauti. Halafu ile ya jana, aliyesikia asijibu, mimi nisingeiwaza. Matangazo ni ya mama."

Mzee mmoja alikohoa, akasema kwamba pamoja na hayo, benchi la mbele limeharibika.

"Benchi tuliliharibu sisi," alisema wifi, aliyekuwa pale kwa niaba ya kwaya. "Yeye aliuliza kama tumesikia. Tulisema tumesikia. Mlitaka aje atukague masikio?"

Baraza lilicheka, na baada ya kucheka likapitisha utaratibu bila mabishano marefu. Mama Matangazo ataendelea. Aliyesikia hatajibu. Asiyesikia au asiyeelewa ndiye atakayeandika, na hatachekwa.

Kwake yeye hiyo haikuwa gharama ndogo. Alhamisi jioni atakuwa anaituma sauti yake na kisha kukaa ukingoni mwa kitanda mbele ya kioo kisichosema kitu, kama zamani, baada ya kuchomoa waya. Aliwaza hivyo, akaichukua simu mezani, lakini hakuinuka.

"Mchungaji, naomba kitu kimoja."

"Sema, mama."

"Jumapili, kabla ya baraka, nisimame niulize mara moja. Sitatangaza chochote. Nitauliza tu."

Mchungaji alifikiria ibada ya pili, jua, na ule mstari wa watazamaji. "Itachukua muda gani?"

"Itategemea wao watakavyoitikia."

Alikubaliwa.

Kesho Jumatatu mumewe ataanza kulipiga msasa benchi la mbele, ambalo bado lina alama za watu kumi na wawili waliokaa. Alhamisi saa kumi na mbili jioni matangazo yatatumwa, la kwanza likiwa kwamba Jumapili kwaya itakalia viti vya plastiki. Na Jumapili, mchungaji akishamaliza mahubiri, Mama Matangazo atainuka kutoka benchi la pili, atavuta kitenge vizuri, na atauliza.